Maswali ya Wasomaji: Pilipili Inamwasha Nani, Inamwacha Nani?

Tulipoandika kuhusu mabaki ya sikukuu wanayopewa wanyama wa nyumbani, barua nyingi zilirudi na neno moja: pilipili. Mwezi huu tunajibu hizo.

Kwanza tuelewane majina. Humu tukisema pilipili tuna maana ya inayowasha: pilipili kichaa, pilipili mbuzi na ndugu zao. Hoho kwa watu wa bara ni ile kubwa tamu isiyowasha hata chembe. Zanzibar ukisema pilipili hoho umetaja kali, na ile tamu ni pilipili boga. Ukimpigia simu daktari wa mifugo, mwambie mnyama kala ipi, maana jibu linabadilika kabisa.

Daktari, shikamoo. Mbwa wetu wa kilo 12 alifunua sufuria ya rosti ya kuku iliyotiwa pilipili mbuzi tatu, akala karibu nusu. Alidondosha udenda, akawa anasugua mdomo kwenye zulia, akatapika mara moja. Mmoja wetu alitaka kumtapisha zaidi, mwingine akaleta ndoo ya maji. Nani alikuwa sahihi? (Mama wa watatu, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Hakuna aliyekuwa sahihi, ingawa wa ndoo alikosea kidogo tu.

Mbwa aliyekula pilipili hatapishwi. Kilichomwasha kikishuka kitamwasha tena kikipanda, na matapishi yakiingia kwenye njia ya hewa mtakuwa mmeleta homa ya mapafu juu ya tumbo. Kuhusu maji: kinachowasha ni kapsaisini, na kapsaisini ni ya jamii ya mafuta. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo maji huisambaza mdomoni bila kuiondoa. Tena tumbo lililochafuka likijazwa maji mengi kwa mkupuo huyarudisha yote.

Fanyeni hivi siku nyingine. Pakeni mafuta ya kupikia kidogo kwenye kitambaa, mfute midomo, kidevu na manyoya yaliyoloa mchuzi. Mafuta huinyanyua kapsaisini. Kisha osheni sehemu hiyo kwa sabuni laini na maji, msuuze vizuri. Mpeni mtindi usio na sukari, vijiko vikubwa viwili kwa mbwa wa uzito huo. Protini ya maziwa huishika kapsaisini na kuibandua ulimini. Msimwagie bakuli zima, kwa sababu mbwa wakubwa wengi hawaimudu sukari ya maziwa, na mtaongeza kuhara. Maji safi yawepo, anywe kidogo kidogo.

Mbwa mkubwa mwenye afya akae bila chakula saa sita hivi. Baada ya hapo apewe wali mlaini na nyama ya kuku ya kuchemsha isiyo na chumvi, ngozi wala mfupa, kiasi cha ngumi moja kila baada ya saa nne au tano, siku nzima. Mtoto wa mbwa asifungishwe. Sukari ya damu yake hushuka haraka, kwa hiyo apelekwe kwa daktari mapema.

Udenda na kusugua mdomo kwa kawaida hupungua ndani ya saa moja au mbili, na kinyesi kinaweza kulegea kwa siku moja. Akitapika zaidi ya mara tatu, damu ikionekana kwenye matapishi au kinyesi, tumbo likiwa gumu na akilia ukiligusa, msingoje kukuche. Jicho likiingia pilipili, litiririshieni maji safi ya uvuguvugu kwa dakika 15, bila mafuta wala maziwa. Likibaki limefumba, aende kwa daktari, kwa sababu akilikuna kwa kucha kioo cha jicho huchubuka. Na msimpe vidonge vyenu vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huchimba vidonda tumboni mwa mbwa, na parasetamoli humuua paka.

Sasa tuje kwenye kilichotutia wasiwasi tuliposoma barua yenu, nacho si pilipili. Rosti ina vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na kuvipika hakuondoi sumu hiyo. Kwa mbwa, madhara huonekana anapokula kuanzia gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wake; kwa wenu ni kuanzia gramu 180, vitunguu viwili vya wastani hivi. Kwa paka gramu 5 kwa kilo zinatosha. Pilipili hupiga kelele saa ileile, lakini kitunguu hukaa kimya siku kadhaa. Kwa hiyo mwangalieni kwa siku tano: inueni mdomo wa juu muone fizi. Zikipauka, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au akihema baada ya kutembea hatua chache, nendeni kwa daktari mkataje kitunguu kwa jina. Kama alimeza na mifupa ya kuku iliyopikwa, hilo nalo mlitaje.

Jingine zito zaidi. Nyinyi mlijua mbwa kala nini. Ukimkuta mbwa anadondosha udenda na hujui sababu, usiingize mkono mdomoni mwake kutafuta pilipili wala mfupa. Kichaa cha mbwa nacho huja na udenda, kushindwa kumeza na sauti kubadilika. Mtenge na umwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate hayo kwenye kidonda, aoshe hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo.

Kwetu husemwa mbwa wa ulinzi atiwe pilipili kwenye ugali ili awe mkali. Nimefanya hivyo miezi miwili, mbwa amekonda na anakwepa bakuli. Nipunguze kipimo? (Mlinzi, Moshi)

Acha kabisa, leo. Ukali wa pilipili na ukali wa mbwa vimekutana kwenye neno la Kiswahili tu; mwilini havijuani. Unachokiona ndicho pilipili inachofanya ikiliwa kila siku: mdomo na tumbo vinauma, kinyesi kinalegea, chakula kinapita kabla hakijamfaa. Mbwa mwenye maumivu huwa mwepesi wa kung'ata, na hapo ndipo watu hudhani dawa imefanya kazi. Lakini mbwa wa namna hiyo hachagui mwizi. Humng'ata anayemkaribia, na anayemkaribia kila siku ni wewe na watoto wa nyumba hiyo.

Tena mbwa hulinda kwa pua. Unga wa pilipili ukikauka kwenye ukingo wa bakuli, kila akiinamisha kichwa anauvuta, anapiga chafya, pua inavimba kwa ndani. Umemnyima silaha yake ya kwanza.

Wapo wanaosema atazoea. Mwanasaikolojia Paul Rozin wa Marekani na mwenzake walilifuatilia jambo hilo katika kijiji kimoja cha Wazapoteki nchini Meksiko, wakachapisha matokeo mwaka 1980. Pale nguruwe na mbwa walikuwa wakila mabaki yenye pilipili kila siku ya maisha yao. Walipowekewa chakula chenye pilipili na kisicho nayo, hawakuonekana kuipendelea pilipili. Waliila kwa sababu ya njaa. Panya wa maabara nao hawakufundishika kirahisi kuipenda. Sokwe wachache waliolelewa na watu ndio walioonyesha kuipenda baadaye.

Mbwa wako mpe wiki moja ya ugali laini au wali, pamoja na dagaa waliooshwa chumvi na kuchemshwa. Mpe dawa ya minyoo kama imepita miezi mitatu. Mpime kila Jumapili: panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Mkali wa kweli hutengenezwa hivi: analishwa na mtu mmoja au wawili tu, anashinda kivulini na maji, anaachiwa usiku azunguke ua, na akibweka unatoka kuangalia. Mbwa anayebweka bila mtu kutoka hujifunza kunyamaza.

Hamjambo. Kasuku wetu anatafuna pilipili kichaa kama karanga, mbegu na vyote, bila hata kufumba jicho. Je, anaumia na hawezi kusema? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Hatujambo. Haumii, na sababu yake ni nzuri kuijua, maana inafungua maswali mengine yote ya ukurasa huu.

Pilipili haina moto. Kwenye neva za ulimi, macho na ngozi zetu kuna vipokezi vinavyoitwa TRPV1, kazi yake kutujulisha kitu kimefika joto la kuunguza, yapata nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini inaingia kwenye kipokezi hicho kama ufunguo na kukifungua bila joto lolote. Ubongo unapokea habari ya moto ambao haupo. David Julius na wenzake huko California walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius akawa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mbwa, paka, ng'ombe, panya na tembo, wote wanacho na kinaitika. Ndege pia anacho, na maji ya moto yanamuunguza kama wewe, ila chake kimeumbwa tofauti kidogo, na ufunguo wa kapsaisini haukiingii sawasawa.

Mmea umefaidika. Iangalieni pilipili kichaa mtini: ndogo, nyekundu, imesimama ikielekea juu, na ukiigusa inachomoka kwenye kikonyo chake bila kuvutwa. Imejiweka tayari kwa mdomo wa ndege. Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha huko Arizona, mwaka 2001, kwamba mbegu za pilipili pori zilizopita tumboni mwa ndege huota vizuri, ilhali panya walizisaga kwa meno hata hazikuota. Mmea unamfukuza mwenye magego na kumkaribisha asiye na meno. Ndiyo maana mche wa pilipili huibuka chini ya mti au waya wanapotua ndege, pasipo mtu kupanda.

Mpeni moja au mbili kwa siku, zikiwa mbichi na zimeoshwa kwa maji mengi, kwa sababu pilipili ya sokoni mara nyingi imepuliziwa dawa za wadudu. Kasuku anayelishwa alizeti tupu hukosa vitamini A, na pilipili nyekundu ina viini vyake kwa wingi, kwa hiyo hapo anajitibu. Jihadharini nyinyi: mdomo wake umebeba kapsaisini, na akiwabusu shavuni karibu na jicho mtaikumbuka. Mfuteni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla hamjamchukua.

Asichokiweza kasuku ni parachichi. Lina sumu inayoshambulia moyo na mapafu ya ndege, na kipande kidogo tu kinaweza kumuua. Na ingawa ukali haumfikii, moshi unamfikia. Msikaange pilipili wala kuunguza kikaangio kisichoshika chakula karibu na tundu lake. Moshi wa kikaangio hicho kikipata moto kupita kiasi umeua ndege wengi wa ndani.

Kuku wangu wa kienyeji wakianza kuzubaa huwa naponda pilipili kichaa kwenye maji ya kunywa kuzuia mdondo. Mwaka huu wamekufa 31 kati ya 40. Nilikosea kipimo? (Mfugaji, Singida)

Pole sana ndugu yetu. Hukukosea kipimo. Hakuna kipimo cha pilipili kinachozuia mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Ni ugonjwa wa kirusi, na hata kwa daktari hakuna dawa ya kuuponya. Imani ya pilipili imedumu kwa sababu mbili. Kuku hawausikii ukali, wanayanywa maji hayo bila kugoma, kwa hiyo dawa inaonekana imekubalika. Na karibu kila mlipuko huacha wachache hai; wale tisa wako wangeokoka hata kwa maji matupu. Hasara ya kweli ya maji ya pilipili ni siku unazopoteza ukisubiri yafanye kazi.

Kinachozuia ni chanjo. Kwa kuku wa kienyeji inayofaa ni I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi. Tone moja katika jicho moja, kifaranga na jogoo kipimo kilekile, na kurudia kila miezi mitatu. Mshike kuku ubavu, ngoja tone lisambae na apepese jicho ndipo umwachie. Ukimwachia mapema anatikisa kichwa na tone linaruka. Chanja walio wazima tu, tena kabla ya msimu wenu wa mlipuko, kwa kuwa kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Chupa ibebe kwenye kitambaa kibichi au chombo chenye barafu, isipigwe na jua. Waliokufa wachimbie shimo refu au wachome. Usiwauze, usiwape mbwa. Banda lisafishe, na kuku wapya usiingize haraka.

Pilipili ina kazi nyingine bandani, nayo ni rangi. Unga wa pilipili nyekundu kavu, gramu 5 hadi 10 kwa kilo moja ya chakula, hukoleza kiini cha yai baada ya siku kama kumi. Yai haliwashi. Rangi inatokana na wekundu wa ganda, si ukali, kwa hiyo hoho nyekundu iliyokaushwa inafanya kazi hiyohiyo na haikuumizi macho ukisaga. Anika juu ya turubai, usianike ardhini. Yenye ukungu itupe, kwa sababu sumukuvu inaua kuku polepole.

Naomba ruhusa kunyunyiza unga wa pilipili kwenye matuta yangu ya mchicha. Paka wa jirani wameyageuza choo. (Mkulima wa uani, Tanga)

Ruhusa hatutoi. Paka akikanyaga unga huo hauoni ulimini wala puani kwanza. Unashika kwenye nyayo. Baadaye anakaa kujisafisha, anailamba nyayo, kisha anaipitisha usoni na machoni, kama paka wote wanavyonawa. Kufikia hapo ameshaondoka bustanini, hajui kilichomuumiza kimetoka wapi, na kesho atarudi. Umemtesa bila kumfundisha chochote. Mvua moja ikinyesha unga umekwisha, na upepo ukivuma utauvuta wewe na watoto.

Paka anataka udongo mkavu uliotifuliwa. Mnyime huo. Laza wavu wa kuku juu ya tuta, upigilie pembeni kwa vijiti, mchicha utapenya kwenye matundu. Mwagilia jioni badala ya asubuhi ili usiku udongo uwe mbichi, na matawi ya michongoma yaliyokatwa fupi yatalinda kingo. Ukielewana na jirani, wekeni beseni pana la mchanga mkavu nyuma ya nyumba yake. Paka wenyewe watalichagua.

Kindi wanamaliza mbegu ninazowawekea ndege wakati wa baridi. Dukani wanauza mbegu zenye pilipili. Zina madhara? (Msomaji, Minneapolis, Marekani)

Kwa ndege hapana, kwa sababu tuliyoieleza kwenye jibu la kasuku. Kindi ana magego na kipokezi kinachoitika, kwa hiyo wengi huonja na kuacha. Mwenye njaa kali huendelea. Nunua zilizopakwa pilipili ya mafuta, usichanganye unga mkavu mwenyewe, maana utaruka machoni mwako kila ukijaza. Kinachosaidia kuliko pilipili ni nguzo ya chuma yenye koni pana katikati, urefu wa mita 1.5 au zaidi, na iwe mbali na mti kwa mita 3, kwa sababu kindi anaruka kuliko unavyodhani. Vaa glavu ukijaza.

Je, yupo mnyama anyonyeshaye ambaye pilipili haimwashi kabisa? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kitui)

Yupo, na anaishi kwenu. Ni yule fuko asiye na manyoya wa maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, mwenye ngozi ya waridi iliyokunjamana na meno yaliyotangulia mdomo. Ana urefu wa sentimita 7 hadi 10 tu, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kapsaisini ikitiwa kwenye unyayo wake haulambi wala hauinui, wakati panya wa kawaida hulamba kwa nguvu. Kipokezi chake kinafunguka, lakini neva za ngozi yake zimepungukiwa na kemikali ya kupeleka habari ya maumivu, kwa hiyo ujumbe haufiki. Hata asidi haimuumi ngozini. Inadhaniwa imetokana na maisha ya mashimo yenye msongamano, ambamo hewa wanayoitoa hujaa kabonidayoksaidi inayochoma kama asidi.

Mwingine yuko Asia, mnyama mdogo anayefanana na kindi aitwaye tupaya. Watafiti wa China walieleza mwaka 2018 kwamba badiliko dogo katika kipokezi chake limemwezesha kula pilipili na mmea mmoja wa jamii ya pilipili manga. Fuko ujumbe unakatika njiani. Tupaya kengele yenyewe hailii vizuri. Ukiulizwa kwenye mtihani, usizichanganye hizo mbili.

Kuna dawa ya kuchua yenye pilipili. Mtunza farasi wetu wa mashindano anataka kumpaka miguuni. (Msomaji, Maskati, Oman)

Mzuieni. Kapsaisini imepigwa marufuku katika mashindano yanayosimamiwa na FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi. Inaweza kuficha maumivu ya mguu mbovu, na inaweza kuifanya ngozi iume ikigusa kizuizi, ili farasi aogope na aruke juu zaidi. Katika Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi yalipofanyika Hong Kong, farasi wanne wa kuruka vizuizi walikutwa nayo, na timu ya Norwei ikapoteza medali ya shaba. Hata nje ya mashindano, dawa hiyo ikifunikwa kwa bendeji chini ya jua la huko huchoma ngozi. Mguu unaouma upozwe kwa maji baridi dakika 20, upumzishwe, uonwe na daktari.

Tembo wanaingia mahindi yakikaribia kukomaa. Tumesikia kuna uzio wa pilipili. Tufundisheni kuutengeneza, na mtuambie ukweli kama unafanya kazi. (Kikundi cha wakulima, Bunda, Mara)

Unafanya kazi ukitunzwa, na haufanyi ukiachwa. Umetumika Zimbabwe, Zambia, Kenya na hapa Tanzania. Nguvu yake iko kwenye mkonga. Tembo ana jeni zipatazo 2,000 za kunusa, zaidi ya mara mbili ya mbwa. Unga unaokupigisha wewe chafya, kwake ni ukuta.

Mahitaji: nguzo za mita 2.5 hadi 3, kamba ya katani, vitambaa vya pamba vilivyochakaa, oili chafu ya magari, na pilipili kichaa iliyokauka mpaka inavunjika mkononi. Simika nguzo nje ya shamba, mita 5 kutoka mstari wa kwanza wa mahindi. Uzio ukigusana na mahindi, mkonga unavuka juu na kuchuma. Kati ya nguzo na nguzo ziwe mita 10, zikizidi kamba inalegea. Vuta kamba mbili, moja usawa wa kifua cha mtu mzima, nyingine nusu mita juu yake. Funga vitambaa vya ukubwa wa leso kila baada ya mita 2.

Mchanganyiko uanze na kilo 1 ya unga kwa lita 4 za oili, koroga kwa mti, uache usiku mmoja. Asubuhi uwe mzito kama uji wa mtoto. Ukiwa mwepesi ongeza unga. Oili ina kazi mbili: inaitoa kapsaisini kwenye unga, na inazuia mvua isiioshe. Chovya vitambaa, paka kamba yote. Rudia kila wiki mbili hadi tatu, na kila baada ya mvua kubwa. Anayesaga asimame upepo ukiwa mgongoni, avae glavu, miwani na kitambaa puani, na watoto wawe mbali. Oili isimwagike karibu na kisima wala mfereji.

Unaposhindwa, sababu huwa hizi. Uzio umezunguka pande tatu, mmeacha ule wa mtoni mkidhani tembo hapiti huko, atapita. Au kila mkulima amefunga kashamba kake, na tembo wanatembea kwenye vichochoro kati yao. Fungeni eneo lote kwa pamoja, kila kaya ipewe urefu wake wa kupaka, kwa zamu iliyoandikwa. Au mmechelewa: madume yakishaonja mahindi yenu msimu huu, yatasukuma nguzo. Uzio uwe umesimama mahindi yakiwa kiunoni.

Usiku wa hatari ongezeni moshi. Sehemu moja ya pilipili iliyopondwa kwa sehemu tatu za kinyesi cha tembo au ng'ombe, mfinyange tofali, likauke juani siku kadhaa. Liwekeni juu ya makaa, upande upepo unakotokea, ili moshi ulalie shamba. Upepo ukigeuka, lihamisheni, la sivyo moshi utawafukuza nyinyi. Msimrushie tembo unga wa pilipili kwa mkono, wala msimkaribie kumpulizia. Ukimuumiza macho kwa karibu atashambulia. Toeni taarifa kwa askari wa wanyamapori mapema, tembo wakiwa bado porini.

Na limeni pilipili yenyewe. Tembo haili, na mistari michache pembezoni mwa shamba itawapa unga wa msimu ujao bila kununua. Chumeni ikiwa imewiva nyekundu kabisa, ikauke juu ya turubai, iwekwe kwenye gunia lililofungwa, ndani ya chumba wasimolala watu.